Nyumba ya miraba 32 kwenye The Sims 4: panga njia kabla ya fanicha

Dada uliyeuliza kwa nini Sim wako, yaani yule mtu unayemwendesha kwenye gemu ya The Sims 4, anasimama katikati ya chumba akipunga mikono na kulalamika, na friji iko mbele yake: pole, nimepitia hapo hapo. Umesema umejenga ndani ya miraba 32 ya sakafu na kila kitu kimeenea. Nimeitazama picha yako. Vitu vimeenea kweli, ila mwenye nyumba hana pa kukanyaga.

Niwaeleze kwa ufupi na wengine wanaosoma. Kifurushi cha nyongeza cha gemu hii, Tiny Living, kilitoka Januari 2020, kikaleta aina mpya ya kiwanja cha nyumba ndogo. Kina madaraja matatu: nyumba isiyozidi miraba 32, ya 33 hadi 64, na ya 65 hadi 100. Kadiri unavyojibana ndivyo gemu inavyokupa zaidi, bili zinashuka na Sim anapata ujuzi haraka kuliko kawaida. Ukivuka 100 unakosa vyote. Ghorofa nayo inahesabiwa, kwa hiyo 16 chini na 16 juu bado ni 32. Usisahau kubadilisha aina ya kiwanja chenyewe ukiwa kwenye hali ya ujenzi, maana kuna watu wanajenga kibanda kizuri kabisa halafu wanashangaa bili ni zile zile.

Nyumba yangu ya kwanza ya namna hii niliijenga na chiti, yaani amri unayoiandika kupita sheria za gemu, ya bb.moveobjects on. Chiti hiyo inakuruhusu kusukuma vitu vikaribiane hadi viingiliane, na kwa macho inapendeza mno. Nilibana meza na kitanda, kabati nikaliingiza nusu ndani ya kaunta. Nikapiga picha, nikafurahi. Nilipoanza kucheza, Sim wangu alikwenda haja, akashindwa kutoka, akalala sakafuni bafuni. Pale ndipo nilipoelewa kwamba jicho langu na miguu yake havisomi ramani moja. Mimi naona pengo, yeye anahitaji mraba mtupu mbele ya kitu anachotaka kutumia, na mraba huo uunganike na mwingine mtupu hadi mlangoni.

Tangu siku hiyo sianzi na fanicha. Nachora njia kwanza kwa kutandika sakafu ya rangi tofauti, nyekundu kwa mfano, kwenye kila mraba ambao hautawekwa kitu. Fanicha inakwenda kwenye miraba iliyobaki. Nikimaliza nabadilisha sakafu yote iwe rangi moja.

Chukua mfano wako, nyumba ya 4 kwa 8. Choo na bafu umevitengea 2 kwa 2, yaani miraba minne: choo, bafu la kusimama, sinki, na mmoja wa kuingilia. Hesabu hiyo inaonekana sawa, lakini sinki limekaa pembeni kabisa na mbele yake kuna choo upande huu na bafu upande ule. Halifikiki. Badala yake, kata ukanda mwembamba wa mraba mmoja kwa mitatu. Choo kikae mwisho mmoja kikitazama katikati, bafu mwisho wa pili likitazama katikati, mlango ufunguke kwenye ule mraba wa kati. Umetumia mitatu tu na vyote vinatumika. Mikono atanawa kwenye sinki la jikoni, hana tatizo nalo.

Kwa kuwa nyumba ina upana wa minne, ukanda huo unabakiza mraba mmoja kwenye kona. Weka friji hapo, itazame ndani ya nyumba. Sasa angalia kosa linalowapata wengi: wanaanza kupanga kaunta palepale kando ya friji, wakifuata ukuta mrefu, na kaunta ya kwanza inaziba mlango wa friji. Ruka mraba mmoja. Baada ya huo ndiyo uweke sinki, jiko, na kaunta ya kukatia. Na mbele ya mlango wa bafu pasiwekwe chochote, hata chungu cha ua.

Kitanda cha watu wawili hula miraba sita, na kila mlalaji anataka kushukia upande wake. Kama Sim anaishi peke yake, kisukume ukutani, upande mmoja ukizibwa hautamsumbua. Kuna na kile kitanda cha kukunja ukutani kilichokuja na kifurushi, kingine kina kochi kabisa. Nakipenda, lakini jueni kwamba kinaweza kumbana Sim hadi kufa. Sikiweki kwa mtu asiye na ujuzi wa ufundi wa nyumbani.

Familia ya watoto usiiweke kwenye 32. Nenda 64, tumia vitanda vya ghorofa vilivyoongezwa bure Machi 2021, na ngazi ya wima badala ya ya kawaida, kwa sababu ya kawaida hula sakafu nyingi.

Kuhusu meza ya chakula uliyoshindwa kuiweka: itoe nje. Eneo lisilozungushiwa ukuta halihesabiwi, na hata kwenye kiwanja cha 20 kwa 15 unabaki na uwanja mkubwa. Mimi nimekulia chumba kimoja cha kupanga Mbagala, Dar es Salaam, watu watano, pazia katikati, masanduku chini ya kitanda. Mama alipikia kibarazani, tulikula kibarazani, wageni walikaa kibarazani. Ndani palikuwa pa kulala na kuhifadhi vitu, na sikumbuki kama tulijiona tumebanwa. Kila nikijenga nyumba ndogo kwenye gemu hii naanza na kibaraza kile: paa lishikwe na nguzo, benchi, jiko la kuchomea nyama, taa moja ya manjano. Mahitaji ya Sim ni sita tu, njaa, haja, usingizi, burudani, urafiki na usafi, na angalau matatu kati ya hayo yanamalizwa nje bila kugusa hesabu yako ya miraba.

Hili la mahitaji si la bahati. Will Wright, aliyebuni The Sims ya kwanza iliyotoka mwaka 2000, aliunguliwa na nyumba yake katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991. Alipokuwa akinunua vitu upya ilibidi afikirie kila kimoja anakihitaji kwa nini, na gemu ikaota hapo. Swali hilo nimelifanya langu. Kitu kisichojibu hitaji hata moja kati ya yale sita, nakitoa kwanza kabla ya kufikiria kuongeza ukuta.

Ukishapanga upya, usipige picha kwanza. Mwache aishi siku nzima bila kumwamrisha, halafu alika wageni wawili kwa wakati mmoja, mmoja atumie choo mwenyeji akiwa anapika. Akilalamika, weka hapa picha ya nyumba ikitazamwa kutoka juu, kuta zikiwa zimeshushwa, nikuoneshe mraba unaoziba.