Maua ya kyuu yasikudanganye
Kaka, umeuliza kama ile kyuu, yaani fimbo ya kuchezea pool, ya kiwandani yenye marembo ya rangi kwenye mshikio ni bora kuliko ile iliyo plain. Si lazima. Nyingi za bei ya chini hayo marembo ni stika tu imefunikwa vanishi, ukiangalia karibu karibu utaona vidoti vya uchapaji. Mie ningeangalia mti wa mbele kwanza, ule wa upande wa ncha inayogonga mpira, uwe mepo mgumu (mbao ya maple), halafu iviringishe mezani ikirukaruka iache hapo hapo, pale vipande vyake viwili vinapofungwa pamoja pia kusiwe na mwanya. Na huu unyevu wetu wa Mombasa mti hupinda, kwa hivyo usiiegemeze ukutani wala kuiacha kwenye gari juani, nakuomba sana.