Kupiga picha Dorset na Wiltshire mwishoni mwa Oktoba: usigawe siku, fuata mawingu

Mkuu, umeuliza namna ya kugawa siku saba za kupiga picha kusini mwa Uingereza, majira ya majani kupukutika, ukitaka bustani na pwani kwa safari moja. Mdau aliyekujibu juu kakupangia siku tatu za bustani halafu nne za pwani. Mimi napinga. Mgawanyo huo unamfaa mtalii wa kawaida. Mpiga picha utamponza, maana bustani na pwani zinataka hali mbili tofauti za anga, na anga ya kule hubadilika kutwa nzima.

Bustani inataka mawingu. Jua kali likipenya katikati ya miti linaacha mabaka meupe huku na vivuli vyeusi kule, na hakuna kamera itakayobeba vyote viwili vizuri. Wingu likitanda, hasa mvua ikiwa imetoka kunyesha, rangi zinakolea zenyewe. Pwani ni kinyume chake. Miamba ya Old Harry pale Studland, kwenye pwani ya Dorset, ni chaki nyeupe, na wingu zito likiifunika unapata kijivu cha bahari, kijivu cha mwamba na kijivu cha anga. Pale unataka jua la chini la asubuhi liupige mwamba ubavuni.

Kwa hiyo tafuta malazi sehemu moja iliyo katikati, usihamehame. Mimi hupenda Shaftesbury, kaskazini mwa Dorset. Bustani ya Stourhead, upande wa Wiltshire, iko karibu kabisa, na Durdle Door, lile tao la mwamba lililo pwani, ni kama mwendo wa saa moja kwa gari. Kila jioni angalia utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ndipo uamue kesho unaelekea wapi. Kukiwa na wingu, bustani. Kukiwa kweupe, pwani. Usiku ukiwa hauna mawingu, wa baridi na usio na upepo, weka alamu mapema uende Corfe Castle, kwa sababu usiku wa namna hiyo ndio huzaa ukungu bondeni, na lile gofu la ngome lililobomolewa mwaka 1646 huchomoza juu yake. Panda kilima cha West Hill kabla hakujapambazuka. Ukungu usipotokea, rudi ukanywe chai. Asubuhi nyingi hautokei.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Siku chache kabla ya hapo jua huchomoza kwenye saa moja na dakika 40 asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo linachomoza kabla ya saa moja na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Bustani nyingi hufunguliwa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kwa hiyo wiki ya kabla ya mabadiliko unaingia getini mwanga ukiwa bado mlaini. Wiki inayofuata jua limeshapanda. Kama bado hujakata tiketi ya ndege, mimi ningechagua ya kabla.

Sasa Stourhead, ambayo peke yake inastahili kurudiwa. Henry Hoare wa pili, wa ile familia yenye benki, alianza kuitengeneza miaka ya 1740: akaziba bonde likawa ziwa, akajenga mahekalu kulizunguka, na eneo lote lilipangwa litazamwe kama mchoro wa mandhari. Hilo lina maana kwako wewe mwenye kamera. Ile picha kila mtu anayo, daraja la mawe mbele na hekalu la Pantheon ng'ambo ya ziwa, haikuzoeleka kwa bahati. Aliyepanga bustani alitaka usimame hapo hapo. Usijifanye mjuaji ukaikwepa. Ipige kwanza, kabla watu hawajajaa kwenye daraja, halafu ukiwa na amani panda Hekalu la Apollo uone ziwa lote kwa juu, kisha shuka utafute vitu vidogo.

Na vitu vidogo ndiko filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, inakofanya kazi. Jani la mepo (mti wa maple) lililolowa lina mng'ao mweupe juu yake, kama mtu kalipaka utando. Ule ni mwanga wa anga unaorudishwa na maji. Sogea karibu na jani moja, zungusha filta polepole huku macho yako kwenye jani hilo tu: weupe unajikunja kuelekea ukingoni, mishipa inaonekana, halafu wekundu unatokea kwa ghafla. Ukiendelea kuzungusha weupe unarudi. Simamia pale ulipokwisha. Lakini ukigeukia ziwa na filta ikiwa hapo hapo, unaweza kufuta taswira ya miti kwenye maji, na taswira hiyo ndiyo iliyokutoa nyumbani. Kwenye maji izungushe nusu tu, au piga fremu mbili, moja ya majani na moja ya maji, uziunganishe baadaye. Kumbuka pia filta hiyo inakula mwanga karibu stopu mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), na chini ya miti mwanga wenyewe ni haba. Tripodi itakusaidia kama hakuna upepo. Upepo ukiwepo tripodi haizuii tawi kutikisika, kwa hiyo pandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, bila kuona haya.

Halafu wekundu. Usiamini histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya mwanga wa jumla, fungua ile ya rangi tatu. Majani ya mepo huunguza chaneli nyekundu mapema, wakati hizo nyingine bado ziko salama, na ikishaungua jani linageuka bango jekundu lisilo na mishipa. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu uangalie tena. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, hilo nadhani halina mjadala.

Ukitaka majani ya karibu zaidi kuliko mandhari, bustani ya miti ya Westonbirt kule Gloucestershire ina mepo za Kijapani nyingi kuliko utakavyoweza kuzimaliza, ila ni mwendo mrefu zaidi kutoka Shaftesbury, na wikiendi za Oktoba pana watu wengi mno. Nenda siku ya kazi. Rangi zenyewe hazina tarehe. Njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote, inaonekana kijani kikiondoka. Nyekundu hutengenezwa upya, na hupendeza zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi bila barafu. Ikivuma dhoruba moja kutoka kusini-magharibi, miti inabaki fito.

Pwani. Wengi huenda Durdle Door wakitaka ile picha ya jua likichomoza ndani ya tao. Hiyo ni ya katikati ya majira ya baridi, Desemba hivi. Oktoba jua halijafika huko, kwa hiyo nenda jioni, uache mwanga wa pembeni uukune mwamba. Ufuko ni wa changarawe: didimiza miguu ya tripodi, acha wimbi moja lipite ili itulie, ndipo upige. Kasi ya shata nusu sekunde, wimbi likiwa linarudi, inakuchorea mistari ya povu. Sekunde 30 zinageuza bahari kuwa moshi. Mimi nimeshachoka na moshi, ila ladha ni yako. Kumbuka kurudi juu ni mlima na ngazi, gizani, kwa hiyo taa ya kichwa ni lazima.

Kwa maji ya kupwa nenda ghuba ya Kimmeridge, ambako maji yakitoka unaona matabaka ya mwamba yamejipanga kuingia baharini. Hapo angalia jedwali la maji kabla ya jua. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hupwa zaidi. Upande wa mashariki wa Lulworth Cove ni uwanja wa mazoezi ya jeshi, njia hufunguliwa wikiendi nyingi, na ukiona bendera nyekundu ujue wanafyatua, usiingie. Old Harry nenda alfajiri, na kaa mbali na ukingo. Hakuna uzio na chaki hukatika bila taarifa. Nguzo iliyoitwa mke wa Old Harry ilianguka mwaka 1896 na kisiki chake bado kipo.

Umeuliza lenzi. Ya milimita 24–70 itafanya sehemu kubwa ya kazi. Ya pili iwe 70–200, siyo pana, maana bustanini unachohitaji ni kubana, kuondoa anga jeupe na watu wenye makoti ya rangi. Beba vitambaa vingi na chupa ndogo ya maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari ukiifuta kavu unakwaruza kioo. Droni iache, National Trust, shirika la hisani linalotunza maeneo ya kihistoria na ya asili, hairuhusu kurusha kwenye maeneo yake, na Stourhead na Old Harry zote ni zake. Uanachama wao una faida ukiingia bustani kadhaa, lakini Durdle Door ni mali ya Lulworth Estate, maegesho utalipia tu.

Ukishapata tarehe ziweke hapa, nikutazamie maji ya Kimmeridge yanapwa saa ngapi siku hizo.