Njia zilizotulia za baiskeli Malindi: Sabaki, Chem Chem na Jilore (jibu refu)

Kaka uliyeuliza hapo juu, wewe wa Likoni unayekuja Malindi kwa siku tatu baada ya Idd na kijana wako wa miaka 14, mnataka kupanda baiskeli sehemu zenye maji na zisizo na magari. Nimesoma majibu uliyopewa na wengi wamekwambia nenda Mambrui urudi, basi. Mambrui kuzuri sikatai, lakini ile ndio barabara ya Garsen na Lamu, mabasi yanapita pale kama yanafukuzwa, na kwa mtoto mi singekwambia uanzie huko. Mi ni wa Barani hapahapa mjini, napanda tangu baiskeli ya marehemu mzee aliyokuwa akibebea madafu, na njia za huku Sabaki nshazipita miezi yote ya mwaka kwa hivyo niache nikueleze kwa kirefu.

Kwanza uujue mto wenyewe. Sabaki ndio huohuo Athi unaoanzia bara, ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki. Maana yake mto unaweza kujaa na Malindi halijaanguka hata tone, mvua imepiga huko juu siku za nyuma halafu maji yanatufikia mekundu mazito kama uji wa wimbi mpaka bahari ya mjini inageuka rangi. Na haya maziwa mawili, Chem Chem na Jilore, yanaishi kwa mto. Mto ukifurika yanajaa, ikipita misimu bila mafuriko yananywea mpaka unaweza kutembea katikati. Mi nshafika Chem Chem nikakuta ng'ombe wanakula majani palepale ambapo kabla ya hapo niliona mtu anavua kwa mtumbwi, mpaka nikadhani nimepotea njia. So usije na ile picha uliyoiona kwenye simu, ukifika Ganda, kabla ya ziwa, simama uulize maji yako wapi saa hizi, watakwambia bila hiyana.

Njia ambayo ningewapa nyinyi siku ya kwanza ni hii. Unatoka mjini kwa barabara ya Sala, ile inayokwenda geti la Tsavo Mashariki, unapita upande wa Ganda na Kakuyuni. Ni lami lakini magari machache, mengi utakayoyaona ni bodaboda zimebeba makaa na lori moja moja la mawe ya Galana, na hayo malori ukiyasikia nyuma teremka kabisa ukingoni usishindane nayo, yakipita endelea. Kulia kwako ndio upande wa mto, kushoto ukisonga mbele ndio unakaribia mwitu wa Arabuko Sokoke. Ukishaacha lami kuelekea ziwa Jilore ndio raha inaanza, njia za udongo baina ya mashamba, miembe na mikorosho imefunga kivuli juu, unasikia cheni yako tu na njiwa. Watoto watawapigia "ciao!" maana kwetu mtu yeyote mwenye helmeti ni Mtaliano, waitikieni tu.

Hapo kwenye udongo angalia mchanga. Kuna vipande mchanga umelala kama wa ufuoni na ukiingia na tairi nyembamba iliyojazwa upepo mpaka imekuwa jiwe utaanguka. Punguza upepo kidogo kabla ya kuacha lami, ingia na gia nyepesi, usikate kona ghafla, na ukiona imeshindikana shuka usukume, sote huwa tunashuka. Tairi ya inchi mbili inatosha. Baiskeli ya resi iacheni Likoni.

Sasa hili la saa ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mtu mmoja kawaambia mwende jioni eti kunapoa. Kaka, USIENDE ziwani jioni. Jilore na Sabaki kuna viboko na kuna mamba. Kiboko mchana anakaa majini, jua likizama anatoka kula majani na anatembea mbali kweli, halafu alfajiri anarudi kwa njia zake zilezile. Ukikutana naye wewe uko baina yake na maji hapo hakuna baiskeli itakayokuokoa. Mi nshaona nyayo zake zimekata katikati ya njia ninayopita kila siku, zingali mbichi, maji ndio kwanza yanajitokeza ndani ya shimo la mguu. Nilisimama pale nikazitazama zinakoelekea, zote zinaelekea ziwani, ndio nikavuta pumzi. Kwa hivyo tokeni mjini saa kumi na mbili kukiwa kushapambazuka, mchukue lami polepole, mfike ziwani kama saa moja unusu au saa mbili, viboko washarudi majini na ndege bado wako kazini. Msikae ukingoni penyewe, tafuteni pa juu palipo wazi. Hapo mtaona yangeyange, korongo, wakati mwingine mwari kundi zima, na furukombe utamsikia kabla hujamuona.

Na kurudi, msipitishe saa nne. Si jua tu. Upepo wetu uwe wa kusi uwe wa kaskazi unatoka upande wa bahari, na jua likipanda unazidi, sasa nyinyi mkirudi kutoka Jilore mnaelekea bahari yaani mnaukabili mwanzo mwisho. Asubuhi utaona miguu imekuwa na nguvu ajabu, kumbe umesukumwa, mchana ndio unalipa. Kijana akae nyuma yako karibu, umkatie upepo.

Pancha. Huku adui ni mbigiri, tena kipindi cha kiangazi ndio balaa. Mwaka juzi nilikodi baiskeli kwa jamaa mmoja mjini (yangu ilikuwa kwa fundi) na tairi zake zilikuwa zimelika mpaka nyuzi zinaonekana, nikasema ni safari fupi. Karibu na ziwa nikapata pancha, nikatoa tyubu nikatia ya akiba, hatua mia mbili hivi, pancha tena. Nikasukuma mpaka pale njia panda ambapo kuna mzee anatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini. Hakugusa tyubu kwanza. Aliuchukua mpira wa nje mtupu akapitisha kidole gumba ndani polepole sana, amefumba macho, akazunguka akafika mahali akasimama. Akachukua koleo akachomoa kimwiba hakifiki hata punje ya mchele, kilikuwa kimevunjikia ndani, nje hukioni. Akaendelea kuzunguka, akatoa na cha pili. Ndio akaita mjukuu alete maji kwenye sufuria, yalikuwa maji ya kuchotwa mbali na yalikuwa kidogo, akaizungusha tyubu mle mpaka vipovu vikatoka, akaikausha kwa kanga kuukuu, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza, akasubiri ikauke, ndio akabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu ya zamani akakigonga kwa mpini wa nyundo. Akaniambia, "Mwanangu, usitie tyubu hujaupapasa mpira, utaua tyubu zote za duka." Pesa alizotaka zilikuwa ndogo mpaka nikaona haya, nikaongeza. Basi nyinyi mje na tyubu mbili kila mmoja, viraka, solusheni na pampu, na mpapase mpira.

Maji ya kunywa bebeni ya kutosha, lita mbili kila mtu na msitegemee ya visimani. Vijiduka vipo njiani, asubuhi mtapata mahamri na mbaazi na chai, na madafu mkiuliza vizuri wanakwea kukuangulia.

Siku ya pili kama miguu ingalipo nendeni mdomo wa Sabaki. Hapa kuna njia ya ufuoni ambayo wageni wengi hawaijui, maji yakipwa vizuri, hasa siku za bamvua ambapo maji yanakupwa mbali zaidi, mchanga unakuwa mgumu kama sakafu na unaweza kupanda kutoka mjini kuelekea kaskazini mpaka karibu na mdomo, bahari kulia na vilima vya mchanga kushoto. Angalia saa za maji kabla, yakianza kujaa rudini. Mto wenyewe msithubutu kuuvuka kwa miguu hata mkiona watoto wanacheza ukingoni, mamba wapo. Ndege hapo ni wengi kuliko ziwani, mara nyingine na heroe. Mkirudi nyumbani osheni baiskeli kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyohiyo na mtie mafuta kwenye cheni, chumvi haingojei kesho.

Marafa kule Nyari, kwenye yale magenge ya udongo yaliyomomonyoka, ni pazuri sana ila si njia ya ziwa wala mto na ina vilima, iacheni safari nyingine. Na mwitu wa Sokoke msikatishe kwa njia za ndani mkiwa peke yenu eti mfupishe kuja Gede, mle muna ndovu, piteni geti mjiandikishe mpewe mtu wa kuwaongoza.

Idd ikiangukia kwenye masika udongo wa huko unanata mpaka magurudumu hayazunguki, ikiwa hivyo bakini lami mpaka Kakuyuni mrudi. Mi Jumapili hii naenda Jilore panapo majaaliwa, nikiona maji yamefikia wapi na njia ikoje ntaandika hapahapa.