Tarehe wanazijua, kinachowashinda ni “kwa sababu”

Juma lililopita mwalimu mmoja kijana aliniandikia: “Shikamoo Mwalimu. Wanafunzi wangu tarehe wanazo zote kichwani, lakini nikiwauliza mapinduzi ya viwanda yanahusiana vipi na Vita vya Maji Maji, wananitazama kama nimewatukana. Nifanyeje?”

Nilicheka peke yangu, maana ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi nilipoanza kazi. Nilikuwa bingwa wa notisi. Najaza ubao mara tatu kwa kipindi, natoka nimepauka chaki, najisifu. Wanafunzi wangu walitaja sababu sita za ukoloni kwa mpangilio uleule niliouandika. Ukimuuliza mtu sababu ya nne, anaanza kuhesabu kimoyomoyo tangu ya kwanza.

Kilichonitoa huko ni donge la uzi wa pamba. Nilikata manila vipande tisa, kila kipande jambo moja: mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, 1793, utumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861, viwanda vya nguo vya Lancashire kule Uingereza, pamba ya Misri, madeni ya Khedive (mtawala wa Misri) Ismail, Uingereza kuikalia Misri, 1882, Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, na Maji Maji, 1905. Nikawagawia, nikawaambia warushiane uzi kwa kufuata uhusiano.

Aibu niliyoipata! Dakika tano hazijaisha, uzi umezunguka miguu ya madawati, wawili wanavutana, mmoja kavishwa kitanzi. Mlango ukafunguka, mkuu wangu wa idara wa wakati huo akachungulia. “Mwalimu, hawa umewarudisha chekechea?” Mbele ya wanafunzi. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimeumia. Niliumia. Hata leo neno hilo likitajwa kwenye kikao cha walimu, mimi huangalia dirishani.

Lakini kosa lilikuwa langu: niliwapa mchezo usio na sheria. Wiki iliyofuata nilirudi na sheria moja. Humpi mwenzako uzi mpaka utoe sentensi yenye “kwa sababu” au “ndiyo maana”, na darasa likubali. “Kisha” na “baadaye” marufuku.

Aliyeshika kadi ya Lancashire akasema, “Nampa Misri kwa sababu kuna vita Marekani.” Darasa: “Hapana!” Mmisri anahusika vipi na vita vya Wamarekani? Kimya. Ndipo mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali, akasema polepole: meli za Kaskazini zimefunga bandari za Kusini, pamba haitoki, Lancashire hawana cha kusokota, bei inapanda, ndiyo maana wanaikimbilia pamba ya Misri. Uzi ukapita. Nilipata baridi mwilini.

Kutoka Misri kwenda kwenye madeni ilibidi niwasogeze kidogo. Neema ya pamba ilimpa Khedive moyo wa kukopa. Vita vikaisha 1865, bei ikaporomoka, lakini aliendelea kukopa. Mwaka 1875 akaiuzia serikali ya Uingereza hisa zake za Mfereji wa Suez. Kadi ya 1882 ilifikiwa bila msaada wangu.

Hapo uzi ukakwama. Kadi ya Berlin ilikuwa kwa kijana aliyeiomba mwenyewe, akijua ndiyo kubwa kuliko zote. Akaitazama ya jirani yake, akaitazama yake. “Mwalimu, Mwingereza ameshaingia Misri, mimi bado miaka miwili. Sasa mimi nimegawa nini?” Na notisi zangu, miaka yote, zilisema Afrika iligawanywa Berlin! Tukakaa na swali hilo hadi kengele ikalia. Walichoafikiana ni kwamba Berlin iliweka masharti ya mbio zilizokwisha kuanza. Sijawahi kulifundisha vizuri hivyo kwa chaki.

Basi ndugu walimu, tuambiane ukweli. Sisi sote tunataka wanafunzi wanaofikiri, lakini wengi wetu tunaogopa kelele. Darasa la Historia lililo kimya si lazima liwe linajifunza. Pengine linanakili tu. Wape kitu cha kushika. Wape sheria moja, si kumi. Wakatazeni “kisha”. Uzi ukishafika mwisho, mwambie mmoja auachie, waone kwa nani unalegea, wakueleze kwa nini. Na ukichekwa, chekwa, kisha rudi wiki ijayo na donge lako. (Nakubali, “kisha” nimeitumia.)

Wewe kijana uliyeniandikia, uliulizia Maji Maji, na hiyo ndiyo kadi niliyoiacha mwisho. Viwanda vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, ndiyo maana serikali yao ya kikoloni ikawalazimisha watu kulima pamba, na mwaka 1905 vita vikaanza kwa kung'oa mipamba shambani. Binti aliyekuwa na kadi hiyo alikataa kuumalizia uzi kwake. Akavuka darasa nao mpaka kwa mwenye kadi ya utumwa wa Marekani, akasema, “Nakupa kwa sababu sisi wote tulilimishwa kwa nguvu.” Mstari ukawa duara. Sikulipanga hilo.

Halafu chagua uzi mnene. Ule mwembamba unakata vidole, na wakianza kulalamika vidole, hakuna kipindi tena.