Maswali Yenu: Mrututu uliogeuka mweusi

SWALI: Nilipasha moto gramu 5 za mrututu, yaani kopa (shaba) salfeti ya bluu, kwenye testitubu ili kuondoa maji yake. Ukawa mweupe, kisha mweusi. Nikaudondoshea maji, bluu haikurudi. Nimekosea wapi?

JIBU: Umezidisha moto. Ile bluu si ya shaba peke yake, ni ya shaba iliyozungukwa na maji. Katika mrututu, CuSO₄·5H₂O, molekuli nne za maji zimeishika ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji, na ya tano imeegemea salfeti. Mbili hutoka kwenye nyuzi 63 hivi za Selsiasi, mbili nyingine karibu na 109, na ya mwisho, king'ang'anizi kuliko zote, hungoja mpaka kama 200. Hapo unga huwa mweupe. Ukiutilia tone la maji hurudi bluu papo hapo, na utasikia testitubu ikipata joto mkononi.

Moto ukipita nyuzi 600 na kitu, chumvi yenyewe huvunjika: hutoa moshi unaokaba koo na kubakiza oksidi nyeusi ya shaba, ambayo maji hayaiyeyushi. Usiitupe. Itie kwenye asidi ya salfuriki hafifu yenye uvuguvugu, koroga, na bluu itarudi.

Safari ijayo saga fuwele kwanza, tumia mwale mdogo na uutembeze. Mdomo wa testitubu uinamishe chini kidogo, maana mvuke hugeuka matone pale mdomoni, na yakitiririka kurudi kwenye kioo cha moto kitapasuka. Poza ukiwa umefunika, kwa sababu unga mweupe hunywa unyevu wa hewani na kukuharibia vipimo. Pima, pasha tena dakika 2, pima, mpaka uzito usibadilike. Gramu 5 zinapaswa kubaki 3.2. Zikizidi, maji bado yamo. Zikipungua, umeshaanza kuiunguza chumvi.

SWALI: Msumari niliouacha kwenye maji ya mrututu umeshika kutu nyekundu kwa dakika chache tu. Kutu gani hii?

JIBU: Si kutu, ni shaba. Chuma huisukuma shaba itoke kwenye myeyuko na chenyewe huingia mahali pake, ndiyo maana bluu nayo hufifia. Kwa hiyo mrututu uwekwe kwenye kioo au plastiki, kamwe si kwenye bati. Maji yaliyobaki usiyamwage mtaroni: shaba kidogo tu huua samaki.