Flash imekufa, CD yangu nifanyeje?

Nafundisha fizikia, Morogoro. Nina CD ya masomo ya mwaka 2008: unasogeza sumaku, sindano ya dira inazunguka. Siku hizi kivinjari kinanionyesha kisanduku cheupe tu. CD imeharibika?

CD yako ni nzima, mwalimu. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kinaisoma: Flash Player ya kampuni ya Adobe, plagini, yaani programu ya kuchomekwa kwenye kivinjari, iliyokuwa ikicheza michoro, video na michezo. Fungua folda uangalie majina ya faili, zinazoishia na .swf ni za Flash. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikawa inakataa kucheza. Tafuta programu ya Ruffle. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ukishaiweka kwenye kompyuta, iambie ifungue faili lako, na huenda sindano ikazunguka tena. Faili zilizoandikwa kwa ActionScript 1 na 2, matoleo ya zamani ya lugha ya programu ya Flash, huzicheza vizuri. Za ActionScript 3 wakati mwingine hugoma. Ila usidanganyike na tovuti zinazogawa “Flash Player mpya”. Ni mtego.

Ni kweli Steve Jobs ndiye aliyeiua Flash?

Alichangia sana, lakini si peke yake. iPhone ilitoka 2007 bila Flash, na Aprili 2010 Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, akaandika barua ya wazi: inamaliza betri, usalama wake mbovu, haikutengenezwa kwa ajili ya vidole, halafu ni mali ya kampuni moja. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito, japo kuisikia kwa mwenye App Store, duka la programu la Apple peke yao, kunachekesha kidogo.

Tusiisimange Flash bure, lakini. YouTube ilipoanza 2005, vivinjari havikuwa na njia moja ya kucheza video, na pengo hilo Flash ndiyo iliyoliziba. Baadaye ikaja HTML5, toleo la tano la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yenye video na uchoraji ndani ya ukurasa wenyewe. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wakaipitisha rasmi Oktoba 2014, na Januari 2015 YouTube wakaifanya chaguo lao la kwanza. HTML5 ni kiwango huria, yaani kanuni zilizoandikwa na kuanikwa. Mozilla, Google na Apple wanazisoma, kila mmoja anaunda injini yake ya kivinjari. Mmoja akifunga duka, ukurasa wako unafunguka kwa jirani. Plagini ina fundi mmoja tu, akiondoka umekwama.

Kuna aliyeumia kweli?

Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS. Baadhi ya fomu zao za kodi mtandaoni zilikuwa bado za Flash siku ilipozimwa. Januari 2021 wakalazimika kutoa kivinjari chao wenyewe cha Windows, chenye Flash ndani. Kivinjari kizima, kwa ajili ya fomu!

Basi sasa wavuti yote ni huria?

Hapana. Netflix zamani walitumia Silverlight, plagini ya Microsoft. Leo, kwenye Chrome na Firefox, kufuli la kuzuia filamu zisinakiliwe linafunguliwa na Widevine ya Google, na msimbo wake umefichwa. W3C waliipitisha 2017 njia ya kuunganisha kufuli kama hilo na kivinjari. EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wakajitoa W3C kwa hasira. Kwangu mimi ni plagini iliyohamia chumba cha ndani.

Fundi atanitengenezea mchezo wa maswali kwa wanafunzi. Nimwulize nini?

Kama utafunguka kwenye simu ya bei ndogo bila kuweka programu nyingine. Kisha akukabidhi faili za kazi zenyewe, si zile zilizokwisha kufungashwa. Wa kwangu alinipa .swf, akabaki na .fla ambayo ndiyo ya kuhariri, na simu yake haipatikani mpaka leo.