Chumvi, mafuta na uzee wa mishipa ya damu

Ateri ya kijana hutanuka kila moyo unaposukuma damu, kisha hunywea. Miaka inavyosonga, nyuzi zinazoipa mnyumbuko hukatika, kolajeni, protini ngumu isiyonyumbuka, huongezeka, na ukuta wake hukakamaa. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikibaki palepale au ikishuka. Kipimo cha 158/72 kwa mtu wa miaka 70 kwa kawaida ni sura ya mishipa iliyokakamaa. Umri haurudi nyuma, ila kasi ya kukakamaa huko inategemea sana kinachoingia sahanini, na kwa maoni yangu pa kuanzia ni chumvi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Humo imo pia chumvi usiyoiona: ya mkate, jibini, soseji, vyakula vya kopo na vidonge vya supu. Lebo nyingi huandika sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi, kwa hiyo zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Angalia pia kama namba hiyo ni ya gramu 100 au ya kipande kimoja. Wengi hukosea hapo.

Nyumbani, acha kukisia. Kwa watu wanne, pima asubuhi gramu 12 za chumvi, kama vijiko viwili vya chai, uziweke kwenye kichupa. Kila chungu cha siku hiyo kichote humo tu, na inayosalia kwenye kiwango cha kila mtu ni ya mkate na vya madukani. Kama kwa sasa mnatumia maradufu, msishuke kwa mkupuo. Punguzeni robo kila baada ya wiki mbili, maana ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Anayekata ghafla huona kila kitu chapwa, na siku ya nne kichupa kinarudi mezani. Ndimu, siki na kitunguu saumu husaidia sana katika wiki hizo.

Chumvi mbadala zenye potasiamu hushusha presha kweli, lakini si za kila mtu. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, anaweza kupandisha potasiamu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Huyo amuulize daktari kabla ya kununua.

Kwenye mafuta, kosa kubwa ni kuondoa bila kujali unaweka nini mahali pake. Aliyeacha siagi akaongeza mkate mweupe na jemu hajausaidia moyo. Faida inakuja unapoweka mafuta ya maji kama ya alizeti, soya au zeituni, pamoja na karanga na samaki. Na kutoka kwenye mmea peke yake hakutoshi: mafuta ya nazi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, LDL. Lehemu hiyo hujenga utando mishipani kwa kulimbikizana, kiwango mara miaka, ndiyo maana kuishusha ukiwa na miaka 35 kuna thamani kubwa kuliko kusubiri 65.

Nyuzinyuzi zinazoyeyuka hunasa asidi za nyongo utumboni, na ini hulazimika kuchota lehemu kwenye damu litengeneze asidi nyingine. Gramu 75 hivi za oti kavu kwa siku zinatosha kuleta tofauti inayoonekana kwenye vipimo, na maharage husaidia vilevile. Anza na nusu ya kiasi hicho na unywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha.

Ukishavuka miaka 65 hatari nyingine hujitokeza: kula kidogo mno. Chai na mkate mchana kutwa haviwezi kulinda misuli. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji 60 hadi 72, zigawanywe kwenye milo mitatu, maana ukirundika zote usiku misuli hainufaiki ipasavyo. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiwango chake.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani, ila ale kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa vitamini K iliyomo humo ikipanda na kushuka ndiyo inayovuruga dozi. Na anayemeza dawa za presha, akishapunguza chumvi, apime akiwa amekaa, kisha tena baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au kichwa kikizunguka, apeleke vipimo hivyo kwa daktari ili dozi iangaliwe upya.